Mwalimu Aliyeondoka na Sindano

Mtu akija nyumbani kwako na kukuambia atakufundisha kazi yake bure, kazi ile ile inayomlisha, utampa kiti au utamwangalia mikono? Kanku alifanya yote mawili. Alimvutia mama Riziki kiti, kisha akakaa akimwangalia mikono.

Mikono yenyewe haikuwa na kosa. Ilikuwa na hina iliyofifia kwenye kucha, na kidole kimoja kilikuwa na sugu ya kusukuma sindano tangu utotoni. Kule Mikelenge, kwa Waislamu wa mji wa Kindu, kanzu ya bwana harusi ambayo haikupita kwa Riziki ilikuwa kama haijashonwa. Alikuwa mjane, mtu wa maneno machache, tena dada yake Mbaraka. Hapo ndipo Kanku alipokwama. Mbaraka alikuwa mwenyekiti wa chama wa Mikelenge na wa kambi ya reli alikokaa Kanku, na chama kilikuwa kimoja tu nchi nzima. Yeye ndiye aliyepita Jumamosi kuangalia nani hakutoka na jembe kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, nani aliimba nyimbo za animasyon za kukisifu chama kwa mdomo mzito, nani bado anamwita mkewe kwa jina la ubatizo wakati serikali imekwisha kuyapiga marufuku majina hayo. Kanku alibatizwa Marie-Louise, na siku hizi alishtuka hata akiliota jina hilo.

"Nimesikia iko mashini hapa," Riziki alisema, "na mwenye mashini hajue kuitumia. Nikasema, acha niende nimuonyeshe."

"Nani alikuambia, mama Riziki?"

"Watu."

Jibu gani hilo! Watu. Kanku alitabasamu kwa meno tu, akaenda kuchota maji ya kunywa ili apate nafasi ya kufikiri.

Mashine ilikuwa imesimama ukutani chini ya kitambaa cha meza. Badibanga, mume wa Kanku, aliyefanya kazi ya breki kwenye treni za mizigo, ndiye aliyeileta kutoka Kongolo. Aliipata kwa mfanyabiashara Mgiriki aliyekuwa anafungasha virago baada ya duka lake kupewa mwenye mpya kwa amri ya serikali. Haikuwa zawadi ya mapenzi, ingawa Badibanga alimpenda mkewe. Ilikuwa hofu. Rafiki yake wa kazini, Okito, alitania siku moja kwamba kofia ya chui ya Mkubwa wa nchi, kwenye picha iliyotundikwa ofisini, imemzidi kichwa. Watu walicheka. Kesho yake Okito hakuonekana, wala hakuna aliyethubutu kuuliza yuko wapi. Mkewe alitolewa kwenye nyumba ya kambi ya reli na masufuria yake kichwani, na mara ya mwisho Kanku alimwona sokoni akiokota majani ya muhogo yaliyoangukia chini.

"Siku moja nitapanda treni na sitarudi," Badibanga alimwambia mkewe. "Sitaki uombe chumvi kwa watu. Ukijua kushona, utakula. Sisi ni watu wa Kasai, hapa hatuna mujomba wala shangazi."

Kwa hiyo Kanku alirudi na maji, akampa Riziki kwa mikono miwili, akasema asante, anakubali kufundishwa. Angefanya nini? Kumkatalia dada wa mwenyekiti ni kujitafutia balaa, na kumkubali pia ni balaa, ila hii ya pili ilikuwa na faida ya kujua kushona.

Somo la kwanza halikuwa la kushona hata kidogo. Riziki alianza na sakafu. Aliisukuma mashine huku na huku, akaisikia inacheza, akakunja kipande cha katoni na kukiweka chini ya mguu mmoja mpaka meza ikatulia. Akaupitisha mkanda wa ngozi kwenye gurudumu kubwa la chini, akaupandisha kwenye matundu mawili ya meza, akauzungusha kwenye gurudumu dogo la juu na kuufunga kwa kikulabu cha waya. Kisha akaomba mafuta. Kanku alimletea chupa aliyoachiwa na mumewe. Riziki akaifungua, akanusa, akakunja pua.

"Haya ni mafuta ya gari-moshi. Yatafanya mashini ilale kama mulevi. Umeyatoa wapi?"

Mafuta yalikuwa ya reli, mali ya serikali. Umeyatoa wapi! Huyo siye mwalimu anayeuliza, ni kaka yake aliye ndani ya mwalimu. Akajibu kwamba chupa aliikuta humo humo nyumbani, imeachwa na waliohama. Riziki alimtazama kidogo, akafuta mafuta yale kwa kitambaa, akatoa kichupa chake mwenyewe kwenye upindo wa kanga na kutia tone moja moja kwenye vitundu vya mashine. Alivijua vyote bila kuvitafuta.

Siku zilizofuata walikanyaga tu. Bila uzi, bila sindano, bila kitambaa. Nyie mnaodhani kukanyaga pedali ni jambo dogo, nendeni mkajaribu. Kanku alikanyaga na gurudumu likarudi nyuma. Akakanyaga tena, likaenda mbele nusu mzunguko, likajuta, likarudi. Miguu yake ilikuwa inabishana, huu unashuka wakati ule haujapanda.

"Anza na mukono," Riziki alisema. "Vuta gurudumu ije kwako. Ikikubali, njo miguu ifuate. Usilazimishe. Mashini ikienda nyuma inakata uzi na inafunga mafundo chini."

Kanku alivuta kwa mkono, akakanyaga, na jioni moja mashine ikakubali. Ikaenda, ikaenda, na sauti yake ikajaa nyumba nzima. Akacheka kwa furaha kama mtoto. Akageuka kumwonyesha Riziki kicheko chake, na akamkuta mwalimu haangalii mashine. Alikuwa anaangalia chumba: kitanda kinachoonekana mlangoni, sanduku la bati, msumari mtupu ukutani ambapo msalaba ulikuwa unaning'inia zamani. Kanku alikimeza kicheko.

Mwadi, jirani yake wa kambini na Mkasai mwenzake, alimngojea kwenye bomba la maji. "Anakuuliza nini, yule mama?"

"Hakuna. Ananiambia nikanyage."

"Juma nzima kukanyaga? Mama Kanku, yule anakupotezea wakati. Nani anafundisha mutu amunyang'anye kazi yake?"

Hilo ndilo Kanku alilokuwa akijiuliza mwenyewe kila anapopepeta mchele.

Hatimaye Riziki alitia sindano. Alimwonyesha kwamba sindano ya mashine ina mgongo bapa na tumbo lenye mfereji, na ukiigeuza haikamati uzi hata ukeshe unakanyaga. Lakini uzi bado alikataa. "Kwanza utashona kartasi. Matundu yatakuonyesha kama mukono wako unajua njia." Akaomba karatasi. Kanku akaenda kwenye rundo la magazeti makuukuu aliyokuwa akileta Badibanga kutoka stesheni ili kufungia chakula chake cha safari. Akachukua mawili, akayakunja, akampa. Riziki akachora mistari kwa makaa, na Kanku akaifuata kwa sindano tupu. Mstari wa kwanza ulikwenda kama nyoka aliyepigwa fimbo. Wa pili, kwenye karatasi ya pili, ulikuwa na nafuu.

Katika mstari wa tatu Riziki aliinyoosha karatasi, akaigeuza kutazama matundu upande wa pili, na hakuirudisha. Kanku akainua uso. Uso wa Riziki ulikuwa umekauka. Akaikunja karatasi ile mara nyingi, akaiingiza kifuani. Akafungua kiskurubu cha mashine, akachomoa sindano, akaichoma kwenye ukingo wa kilemba chake. Akasema ameacha sufuria motoni, akatoka.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yake. Alikuja, akatia sindano, akapewa gazeti, akalikagua kwanza pande zote mbili kama anayenunua samaki, akachora, akafundisha. Na akiondoka aliondoka na karatasi na sindano. Kanku hakuachiwa hata tundu moja la kujifunzia. Sindano ilikuja na mashine, ilikuwa yake, na bado ililala Mikelenge kila siku kwenye kilemba cha mtu mwingine.

"Anabeba sindano?" Mwadi aliweka ndoo chini. "Na kartasi ulizogusa? Mama yangu! Hiyo ni dawa. Anakufunga mikono usijue kushona milele."

Kanku hakuamini dawa, au tuseme hakupenda kuamini. Aliamini mambo mengine, mabaya zaidi, lakini hakuwa bado na jina la kuyaita.

Jina alilipata Jumatatu, akifagia. Chini ya pedali kulikuwa na karatasi moja iliyoteleza, ya siku ile ile ya kwanza, ambayo Riziki hakuiona. Juu ilikuwa na matangazo ya biashara na mstari wake wa nyoka. Kanku aliiokota akitaka kujicheka. Akaigeuza. Upande wa pili Mkubwa wa nchi alikuwa anamtazama, na kofia yake ya chui na miwani yake, picha kubwa ya ukurasa wa mbele. Matundu yalikuwa yamepita kwenye jicho moja, yakavuka pua, yakatokea kwenye jicho la pili.

Kanku alikaa chini palepale kwenye vumbi alilokuwa ameanza kulifagia. Okito alisema kofia imezidi, akapotea. Na huyu aliyetoboa macho? Na siyo mara moja. Magazeti yote yalikuwa hivyo, picha ile ile mbele, nani hakujua? Yeye hakujua, kwa sababu miaka mingi alikuwa ameuona uso ule kila mahali mpaka akaacha kuuona. Na zile karatasi nyingine ziko wapi? Ziko kifuani mwa dada wa mwenyekiti. Basi ndiyo maana alifundisha bure! Ndiyo maana ya karatasi badala ya kitambaa, ndiyo maana ya kubeba sindano, ushahidi na silaha yake pamoja. Badibanga alikuwa njiani kurudi kutoka Kibombo na hakujua kwamba amekwisha kufa.

Hasira ikamjia, na hasira ilimsaidia kusimama. Alifikiri jambo ambalo wakati ule watu wengi walilifikiri, na wachache wanakubali leo kwamba walilifikiri: atangulie yeye. Aende kwa Mbaraka kabla ya Riziki, aseme mwalimu ndiye aliyetaka karatasi, mwalimu ndiye aliyechora mistari. Mwenye kusema kwanza ndiye raia mwema. Akanawa uso, akavaa kitenge chake kizuri chenye mwenge wa chama, akaificha karatasi ndani ya kitenge, akatoka. Njiani alikuwa anapanga maneno, na kila alivyoyapanga alimwona mke wa Okito akiokota yale majani. Kama maneno yake yangefanikiwa, mjane wa Mikelenge ndiye angeyaokota. Hakusimama. Nisiseme uongo, aliendelea kutembea.

Kwenye kona ya barabara ya stesheni alikutana naye uso kwa uso, akija kwenye somo.

"Umevaa vizuri," Riziki alisema. "Unaenda wapi?"

"Kwako," Kanku alidanganya.

Riziki aliitazama ile nguo ya chama, akaitazama njia inayokwenda kwa kaka yake. Hakuwa mpumbavu. "Turudi kwako," akasema kwa sauti ndogo.

Waliingia, wakarudisha mlango. Riziki alikaa kwenye mashine bila sindano, akaanza kukanyaga, ili majirani wasikie somo. Katika kelele ile ya magurudumu waliongea.

"Nani alikutuma?" Riziki aliuliza.

"Mimi?" Kanku alikaribia kupiga ukelele. "Wewe njo ulitumwa! Kartasi zangu ziko wapi? Unataka kumuua bwana yangu?"

"Ni wewe uliniletea ile sura. Nikasema kushona kartasi, wewe unanipa Mukubwa nimutoboe. Nikajiuliza, hawa watu ya reli wamenitegea. Kesho atasema fundi wa Mikelenge njo alichora mistari kwa uso ya Mukubwa. Si njo ulikuwa unaenda kusema leo?"

Kanku aliitazama miguu ya Riziki. Pedali ilipanda ikashuka.

"Nilibeba kartasi nisiachie wewe ushahidi," Riziki aliendelea. "Na sindano nilibeba usitoboe ingine mimi sipo. Usiku sikulala. Kartasi ziko ndani ya muto wangu wa kulalia, nimezishonea mule."

"Na mafuta? Na sanduku langu ulikuwa unaangalia nini?"

Hapo Riziki aliacha kukanyaga, kisha akakumbuka majirani, akaendelea. "Kwa ile hauna kosa," akasema. "Nilitumwa. Mbaraka alisema, mashini ya Mugiriki imeingia kwa Wakasai, uende uone iko nini ingine, wanaongea nini. Ukikataa kwa kaka yako, anajua umekataa chama. Mi niko mujane, nyumba ninalala ni yake. Nikuambie nini?"

Kwa hiyo alikuwa na haki ya kumshuku! Kanku alingoja haki hiyo imfurahishe, na haikumfurahisha hata chembe. Alichoka tu. Alitoa ile karatasi kwenye kitenge akaiweka mezani, macho yaliyotobolewa yakitazama juu. Wanawake wawili wakaitazama.

"Tuchome," Kanku alisema.

"Tukichoma yako, utaamini namna gani kama nimechoma zangu? Na mimi, nitaamini nini yako?" Riziki alichomoa sindano kwenye kilemba, akaitia mahali pake, akakaza kiskurubu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu masomo yaanze, akatia uzi, uzi mweusi: juu, kwenye ndoano, katikati ya visahani viwili vinavyoubana, chini, kwenye tundu. Akaiweka karatasi, safari hii uso ukiwa juu, akashusha kiguu cha mashine, na akashona. Alishona polepole, macho wazi, mshono ulionyooka kuliko wote aliowahi kuuona Kanku, kutoka sikio moja la Mkubwa mpaka la pili, juu kidogo ya midomo.

Akakata uzi kwa meno, akamkabidhi Kanku.

"Yako ilikuwa bahati mbaya. Yangu ni makusudi, na uzi ni wangu wa kazi, kila mutu anaujua. Weka. Siku nikikusema, na wewe unisema."

Kanku aliipokea. Alitaka kulia na hakulia. Haukuwa urafiki, wala msidanganyike kuuita hivyo; lakini tangu Okito apotee, huyo alikuwa mtu wa kwanza nje ya nyumba yake ambaye alijua kwa hakika hatamsaliti.

Baada ya hapo kazi ikaenda. Riziki alileta vitambaa vya viraka, akamwonyesha kujaza bobini ya uzi wa chini, kuupandisha uzi huo kwa kugeuza gurudumu mara moja, kulegeza na kukaza mpaka mshono usiwe na mikunjo. Kanku alifunga mafundo, akayafumua, akavunja sindano, akatukana kwa Chiluba, lugha yake ya Kasai, akarudia. Miguu ilijua. Baadaye mikono ikajua. Na Badibanga alipokuwa amekwenda Kongolo kwa safari ndefu, Kanku alikata libaya lake la kwanza, blauzi ya kitenge cha kijani, akaishona kuanzia bega mpaka pindo bila mkono wa mtu. Aliitandika kitandani. Mishono ilikuwa imenyooka.

Riziki aliigeuza nje ndani. Alipitisha kidole chake chenye sugu kwenye kila mshono. "Nzuri," akasema, na Kanku alijisikia kupaa. "Sana. Hapa njo kuna matata."

"Matata gani?"

"Kila Ijumaa Mbaraka ananiuliza. Ninamuambia, haiko kitu, muke ni muzito wa kichwa, bado namufundisha. Anacheka, anasema uendelee. Siku akisikia umejua, mimi sina sababu ya kuja hapa tena. Atatuma mutu mwingine. Huyo hatakuwa na muto wenye kartasi."

Kanku alielewa kabla Riziki hajamaliza. Aliielewa kwa mwili mzima, akakaa kitandani karibu na libaya lake. "Mpaka lini?"

"Mpaka achoke. Ao wamuhamishe. Mi sijui."

Wakaufumua mkono wa kulia wa libaya kwa wembe, uzi kwa uzi. Riziki akamwachia kiti aushone upya, upinde, uvutane, uonekane na kila mtu kanisani. Ajabu ni kwamba Kanku alishindwa. Alisukuma kitambaa kando, na vidole vyenyewe vikakirudisha kwenye njia. Alijaribu tena, mshono ukanyooka tena, na machozi yakamdondoka kwenye kitenge. Ikabidi afumbe macho na Riziki aitingishe meza ndipo mkono ukaharibika vya kutosha.

Badibanga alirudi Jumapili asubuhi, masizi yakiwa bado shingoni. Alimkuta mkewe amevaa tayari kwa misa. Akaliona libaya, uso wake ukang'aa, akamzungusha amwone vizuri, kisha macho yake yakafika kwenye mkono wa kulia uliojikunja begani kama kitambaa cha kufutia sufuria. Kanku alimwona akihesabu kimya miezi yote ile, na safari, na hofu yake. Hakumwambia. Mtu asiyejua kitu, hata akishikwa, hana la kutoa.

"Si kitu," Badibanga alisema, akaupapasa ule mkono kana kwamba angeweza kuunyoosha kwa kiganja. "Polepole. Utajua tu."

"Ndiyo," Kanku alisema. "Nitajua."